Looney Tunes Golden Collection Volume 6: boksi zuri, kadi fupi, na diski ya 3 inayohitaji mtu wa kukaa na wewe

Nimemaliza boksi lote la DVD za katuni za zamani za Looney Tunes, diski 4, katuni 60 ukiacha zile za nyongeza, na nimekaa nalo karibu mwezi kabla ya kuandika kwa sababu kila nikianza najikuta naandika kuhusu diski moja tu, ile ya 3. Basi nimeamua rivyu yenyewe iwe hivyo hivyo, diski ya 3 kwa kirefu na nyingine kwa kifupi, anayetaka kujua kama Bugs Bunny anachekesha nadhani anajua jibu tayari.

Kwa asiyelijua, hili ndo boksi la mwisho kwenye mfululizo ulioanza 2003, lilitoka Oktoba 2008. Mi nimenunua la mkono wa pili mtandaoni. Diski ya 1 yenye mastaa wote imechubuka vibaya, sehemu mbili picha inaganda kabisa, ila diski ya 3 yenye katuni za zamani za Bosko na Buddy ilikuwa inang'aa kama haijawahi kutoka kwenye kasha lake. Yaani aliyekuwa nalo kabla yangu hakuigusa. Namuelewa, lakini kakosa kitu muhimu kuliko vyote humu ndani.

Picha kwanza nizimalize. Katuni za 1930 mpaka 1934 nilizoea kuziona kwenye kopi chafu zenye ukungu na mistari inayoshuka kama mvua, humu zimesafishwa, weusi ni mweusi kweli na mstari wa wino unausoma. Na hii sio sifa ya kiufundi tu. Kwenye kopi chafu uso wa Bosko ni doa jeusi lenye macho, hujiulizi sana. Ukisafisha ndo unaona mdomo ulivyochorwa, unaona glavu, unaona kila kitu ambacho mchoraji alikusudia ukione.

Sasa kadi. Ukiweka diski, kabla ya menyu, inatokea kadi ya maandishi. Kwenye Volume 3 kazi hii alipewa mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg, alitokea mwenyewe akaongea na mtazamaji, kuanzia Volume 4 wakaamua kuweka maandishi. Kwa maneno yangu inasema hivi, katuni hizi ni zao la wakati wake, baadhi zina chuki za rangi na kabila zilizokuwa za kawaida Marekani, taswira hizo zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo, na wanazionyesha kama zilivyotengenezwa kwa sababu kuzibadilisha ni sawa na kudai kwamba chuki hizo hazikuwahi kuwepo. Mi naiheshimu sana hiyo kadi na nasema kwa moyo mweupe. Hapo kwenye "zilikuwa makosa wakati ule" ndo penye uzito, kwa sababu makampuni mengi huishia kwenye "wakati ule mambo yalikuwa tofauti", kana kwamba watu weusi wa 1930 walikuwa hawaumii. Walikuwa wanaumia na walikuwa wanalalamika kwa barua na kwa magazeti yao.

Lakini kadi haikuambii uangalie wapi. Hapo ndo tatizo langu na boksi zima, na nimelielewa kupitia mtoto wa dada yangu.

Ana miaka 9. Nyuma ya boksi wameandika ni la watu wazima wakusanyaji na huenda lisifae watoto, nimeisoma hiyo, na nikaamua kukaa naye mwenyewe badala ya kumuacha peke yake. Tukaanza na Congo Jazz ya 1930. Bosko yuko porini na bunduki, chui milia anamkimbiza, anamtuliza kwa muziki, alafu msitu mzima unageuka bendi, miti inacheza, wanyama wanapuliza mikia yao. Muziki ni mtamu kweli, mtoto anacheka, mi nacheka. Kuna sehemu Bosko yuko katikati, huku sokwe mkubwa, huku nyani mdogo, na mtoto akanyamaza alafu akaniuliza, "Mjomba, huyu Bosko ni mtu au ni nyani?"

Sikumjibu hapo hapo. Nikasimamisha picha, nikairudisha, nikaangalia vizuri. Nyuso tatu zile ni uso mmoja. Mdomo ule ule uliochomoza, mduara ule ule mweupe kuzunguka mdomo, macho yale yale. Mchoraji hakutofautisha. Hakuna mtu aliyetukana pale, hakuna neno baya lililosemwa, ungesoma maandishi ya hadithi usingekuta kosa, kosa liko kwenye kalamu. Na kadi ile ya mwanzo mtoto hakuisoma, na hata angeisoma isingemsaidia, maana inazungumzia "taswira" kwa jumla na yeye alikuwa anaangalia uso mmoja maalum na kuuliza swali la haki kabisa.

Jibu ni kwamba Bosko ni mtu. Ni mvulana mweusi. Waliomuumba ni Hugh Harman na Rudolf Ising, vijana wawili waliokuwa wamefanya kazi kwa Walt Disney wakaondoka, na Harman alipomsajili mhusika wake kwenye ofisi ya hakimiliki Januari 1928 alimuandika waziwazi kama mtoto wa kiume Mweusi, kwa neno walilotumia Wamarekani zama hizo. Kwenye filamu yao ya majaribio ya 1929, ile ambayo Ising anaonekana anamchora na Bosko anaanza kuongea, amepewa lafudhi ya watu weusi wa Kusini mwa Marekani iliyokuzwa kwa dhihaka, aliyeitoa ni mchoraji mzungu wa studio hiyo hiyo, Carman Maxwell, na mwisho Ising anamvuta na kumrudisha kwenye chupa ya wino. Baadaye studio ya Warner Bros. walivyoanza kuzitoa Looney Tunes 1930, nyota wa kwanza wa Looney Tunes alikuwa huyu. Sio nguruwe Porky, sio bata Daffy, sio sungura Bugs Bunny. Ile "That's all, folks!" unayoijua ilianza kwake. Lakini kwa muda lafudhi ikapungua, hadithi zikawa za kawaida tu, mara ni rubani, mara ni mwanajeshi, na watu wengi wakakua wakimuangalia bila kujua ni nini. Umbo likabaki, maelezo yakaondoka.

Na umbo hilo halikutoka kichwani kwa Harman. Lilitoka jukwaani. Kuanzia miaka ya 1830, Thomas D. Rice alivyopata umaarufu na wimbo na densi ya Jim Crow, wasanii wazungu Marekani walikuwa wanajipaka masizi ya kizibo kilichochomwa usoni, wanaacha sehemu kubwa kuzunguka mdomo bila kupaka au wanaipaka rangi ya kung'aa ili mdomo uonekane mara tatu ya ulivyo, wanavaa glavu nyeupe, nguo zisizowatosha, alafu wanaruka, wanacheza, wanaongea Kiingereza kilichovunjwa makusudi na kuita hayo yote ndo mtu mweusi. Maonyesho ya minstreli. Yalidumu karibu karne nzima kama burudani kubwa. Mwaka 1927, miezi michache tu kabla Harman hajaenda kumsajili Bosko, Warner Bros. hao hao walitoa filamu ya The Jazz Singer, mwimbaji mzungu Al Jolson kajipaka masizi anaimba. Kwa hiyo mtazamaji wa 1930 akimuona Bosko alikuwa hahitaji kuambiwa, macho makubwa meupe kwenye uso mweusi, mdomo mpana, glavu, mwili usiotulia ukisikia muziki, alikuwa ameshayaona jukwaani wiki iliyopita.

Hapa wapo watakaosema, na nimebishana nao sana, kwamba ni ufundi tu. Na hoja yao ina ukweli ndani yake kwa hiyo nisiipuuze. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, katuni ya dakika 7 ni kama fremu elfu kumi, lazima uchore kitu rahisi, duara na duara, mikono na miguu kama mipira ya bustani isiyo na viwiko, na mwili ukiujaza wino mweusi unaonekana vizuri kwenye filamu isiyo na rangi. Sasa mkono mweusi ukipita mbele ya tumbo jeusi unapotea, ndo maana unauvisha glavu nyeupe. Kweli kabisa. Mickey Mouse alizaliwa bila glavu, akavishwa 1929 kwenye The Opry House, na Disney mwenyewe alikuwa na sababu zake za kutotaka mikono ya panya.

Lakini ufundi unaeleza tatizo, haujibu kwa nini suluhisho likawa lile. Ungeweza kuchora mstari mweupe kuzunguka mkono. Ungeweza kumpa mwili wa kijivu. Waliokuwa wanachora walikuwa wanatoka kwenye dunia ambayo kiumbe mweusi mwenye glavu nyeupe na mdomo mpana anayecheza ngoma bila kuchoka alishakuwa ni kichekesho kilicho tayari, wakakichukua kama kilivyo. Na Mickey huyo huyo mwaka 1933, kwenye Mickey's Mellerdrammer, anajipaka weusi usoni ili aigize kwenye jukwaa la hadithi ya mtumwa mweusi Uncle Tom. Yaani panya mweusi mwenye glavu anajipaka weusi ili awe "mtu mweusi". Ukiiona hiyo huwezi tena kusema glavu ni glavu tu. Hata nyuma zaidi, Pat Sullivan ambaye studio yake ndo ilitoa Felix the Cat 1919 alishatengeneza katuni za mtoto mweusi aitwaye Sammy Johnsin mwaka 1916, na Winsor McCay, mchoraji ambaye kwa mkono nadhani hajapata wa kumfikia, kwenye filamu yake ya 1911 ya Little Nemo kamuweka Impie, Mwafrika wa sketi ya nyasi na midomo kama maandazi, pembeni ya mtoto mzungu aliyechorwa kwa upole wa ajabu. Ukiwa na mkono wa McCay huwezi kujitetea kwamba hujui kuchora uso. Alijua. Alichagua.

Nikae hapa kidogo maana ndo kiini. Studio za katuni zilikuwa na karatasi ya modeli, karatasi moja inayomuonyesha mhusika kwa mbele, ubavuni, nyuma, akicheka, akikimbia, na kila mchoraji anabandika mezani kwake ili Bosko wa huyu na Bosko wa yule wawe mmoja. Sasa fikiria tusi likiwekwa kwenye karatasi ya namna hiyo. Linakuwa kipimo. Mdomo uwe na upana huu, macho yafike hapa, anayeukosea upana anaambiwa rudia. Mchoraji kijana wa miaka 20 anaingia kazini, hana chuki na mtu, anachora mdomo huo mamia ya mara kwa wiki kwa sababu ndo kazi, na akija kuhamia studio nyingine anaenda nao mkononi. Ndo maana naona kuuliza "je, wachoraji walikuwa wabaguzi?" hakutufikishi mbali. Baadhi walikuwa, baadhi huenda hawakuwa, karatasi haikujali.

Rudi kwenye diski. Bosko in Person ya 1933 ni ya kutazama kwa makini kwa sababu hapo wanaacha kuficha, Bosko na mpenzi wake Honey wako jukwaani moja kwa moja, wanapiga piano, wanacheza, wanaimba, ni onyesho tupu bila hadithi. Na nitasema kitu ambacho kinaniuma kukisema, ni nzuri. Mwendo wa miguu unaingia kwenye mapigo vizuri mno. Muziki wa watu weusi wa Marekani ndo unaibeba katuni ile kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukiutoa inabaki michoro inayorukaruka, na wenye muziki ndo hao hao waliochorwa hivyo. Bosko's Picture Show ya mwaka huo huo ina Hitler akimkimbiza mchekeshaji Jimmy Durante na shoka, iangalieni kwa historia tu.

Alafu anakuja Buddy. Mwaka 1933 Harman na Ising waligombana na mtayarishaji Leon Schlesinger kuhusu pesa, wakaondoka na Bosko wao, studio ikabaki haina nyota, ndo wakatengeneza Buddy, mvulana mzungu. Bob Clampett aliyekuwa akifanya kazi pale alikuja kumuelezea kama Bosko aliyepakwa weupe, na diski hii inakuthibitishia kwa macho maana Buddy's Day Out iko humu humu, unatoka kwa mmoja unaingia kwa mwingine bila kubadilisha diski. Angalia tofauti. Buddy ana pua ya kawaida, mdomo wa kawaida, mdogo, anafungua na kufunga. Ametulia. Na anachosha, jamani, anachosha mpaka unasinzia, kwa sababu walipoondoa dhihaka hawakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Kwangu hii ndo sehemu yenye elimu kubwa kwenye boksi zima na hakuna aliyeiandikia sentensi moja ya kuielekeza.

Walipohamia studio ya MGM, Harman na Ising walimchora upya Bosko, kuanzia 1935 akawa mtoto mweusi anayetambulika kuwa mtoto, na bado alivyofika 1937 na 1938 wakamzungushia vyura wenye sura za wanamuziki weusi akina Louis Armstrong, Fats Waller na Cab Calloway. Haipo humu, nimeitaja ili mjue hadithi haikuishia kwenye diski.

Diski ya 2 ni ya vita, na hapa tena kadi ya onyo inafanya kazi nusu. The Ducktators ya 1942 inawachora Hitler, Mussolini na Mjapani kama bata na bata bukini. Weka wale watatu pamoja uangalie. Hitler ni masharubu na nywele, yaani ni Hitler, ukimuondolea masharubu anabaki bata. Mussolini ni kidevu na kifua. Wa tatu ni meno ya mbele, miwani na macho, na hiyo sio sura ya mtu mmoja, hiyo ni sura waliyompa kila Mjapani kwenye kila katuni ya miaka ile. Wawili wanadhihakiwa kwa waliyoyafanya, wa tatu anadhihakiwa kwa alivyozaliwa. Kuna mpaka kichekesho ambacho akipigwa anaonyesha beji ya kusema yeye ni Mchina, na mwaka 1942 huo huo Wachina walioishi Marekani walikuwa wanavaa beji za namna hiyo kweli ili wasipigwe mitaani, wakati watu takriban 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, wanatolewa majumbani na kupelekwa kambini. Mtoto wa dada hii sikumuonyesha. Nitamuonyesha akikua kidogo.

Diski ya 1 na ya 4 ni burudani safi kwa sehemu kubwa, sina la kuongeza.

Kisichokuwemo nacho nikiseme. Zile katuni 11 ambazo kampuni ya United Artists waliziondoa kwenye mzunguko wa televisheni mwaka 1968 kwa sababu ya dhihaka zake kwa watu weusi, hakuna hata moja humu. Coal Black and de Sebben Dwarfs ya Clampett ya 1943 ni mojawapo, na ni vizuri mjue kwamba NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, walitaka iondolewe mwaka ule ule ilipotoka, kwa hiyo yule anayesema "zamani hakuna aliyelalamika" anadanganya au hajui. Kwenye sauti zake kulikuwa na wasanii weusi, Vivian Dandridge na mama yake Ruby, wamefanya kazi nzuri ya sauti juu ya michoro inayotia aibu. Mwaka 2010 kwenye tamasha la filamu la TCM, kituo cha televisheni cha filamu za zamani, kule Hollywood walionyesha 8 kati ya 11 zikiwa zimesafishwa, ukumbini, mbele ya watu waliokwenda wakijua wanaenda kuona nini. Mi naona hivyo ndivyo. Sitaki zipigwe asubuhi ya Jumamosi kati ya matangazo ya biskuti, na sitaki zifungiwe kabatini pia.

Maana kufungia na kukata tumeshaona kunaleta nini. Chukua Tom and Jerry, ambayo sio ya kampuni hii kwa asili yake, ilikuwa ya MGM. Yule mama mweusi ambaye tunamuona miguu na soksi tu, Mammy Two Shoes, alikuwepo tangu katuni ya kwanza ya 1940 mpaka 1952, sauti ya Lillian Randolph, jina lake halikuandikwa hata siku moja mwanzoni mwa katuni. Miaka ya 60 ili ziende televisheni wakamchora upya, akageuka mwanamke mzungu, sauti wakabadilisha. Mi nilikua naangalia matoleo hayo yaliyokatwakatwa kwenye kituo cha televisheni ambacho hakikuwahi kutuambia chochote, na nilivyokuja kuona zile za asili nikiwa mtu mzima nilihisi nimedanganywa mara mbili, kwanza walimchora vibaya, alafu walipoona aibu wakamuondoa yeye, mwanamke mwenyewe na sauti yake, badala ya kuondoa ubaya. Ndo maana ile sentensi ya kadi kwamba kubadilisha ni sawa na kudai haikutokea mi naikubali kwa asilimia mia.

Na kuna jambo moja ambalo ningependa angalau kijitabu ndani ya kasha kilitaje. Angalia majina yanayopita mwanzoni mwa katuni za miaka ya 30. Kwenye meza zile za kuchorea hakukuwa na mtu mweusi. Floyd Norman aliingia Disney 1956, na anatajwa kama mchoraji katuni mweusi wa kwanza kuajiriwa pale kwa kudumu. 1956! Bosko alikuwa ameshasahaulika. Kwa hiyo miaka yote ambayo karatasi za modeli zilikuwa zinaamuliwa, hakukuwa na hata mmoja pale chumbani wa kusema "ndugu zangu, mama yangu hana mdomo huo". Waliosema walikuwa nje, wakiandika barua.

Nilichotaka basi ni kidogo tu. Maelezo ya sauti ya mtu anayejua historia ya minstreli juu ya katuni mbili tatu, Congo Jazz, Bosko in Person na Buddy's Day Out. Picha ya karatasi ya modeli moja kwenye sehemu ya nyongeza. Dakika kumi za kumwambia mtazamaji tazama hapa, tazama mdomo, tazama glavu, tazama huyu na huyu wametoka mkono mmoja. Boksi lina makala nzima kuhusu Mel Blanc, aliyetoa sauti za Bugs Bunny na wenzake, na nimeifurahia, kwa hiyo nafasi ilikuwepo.

Linunue? Ndiyo, kama unachora au unajifunza kuchora, nunua bila kufikiri mara mbili, maana wahusika wengi wanaochorwa saivi kwa mtindo ule wa mikono ya mpira na glavu nyeupe wanachorwa na vijana wasiojua umbo limetoka wapi, wanaliita la kizamani na zuri. Linaweza kuwa zuri. Jua tu unachokishika. Kama ni la kumpa mtoto akae nalo peke yake, hapana, chukua Volume 1. Kama utakaa naye, anza na Buddy's Day Out alafu ndo Congo Jazz, mi nilianza kinyume nikajuta, ukianza na Buddy mtoto anakuwa ameshaona kwamba walijua kuchora mdomo wa kawaida.

Nalipatia boksi nyota 4 kati ya 5, iliyokatwa ni ya maelezo yasiyokuwepo. Ukinunua la mkono wa pili muombe muuzaji picha ya chini ya diski zote nne, mi sikuomba.

Mtoto wa dada nilimjibu siku ile ile usiku. Nikamwambia Bosko ni mtu, ni mtoto mweusi kama wewe, waliomchora walikuwa hawamuangalii mtoto mweusi yeyote, walikuwa wanaangalia mzungu aliyejipaka masizi. Akakaa kimya, akachukua rimoti, akarudisha ile sehemu ya nyuso tatu, akaisimamisha, akasogea mpaka karibu na kioo. Akasema, "Kumbe glavu ni za yule mzungu."